Mfungo wa Chatu

Chatu alikaa mwezi mzima bila kutia kitu kinywani, na Kanga, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, akamtangaza msitu mzima.

"Ule ndio mwili! Ile ndiyo nidhamu!"

Ndezi, panya mnene wa shamba la miwa, alisikia akaona haya. Siku hizi tumbo lilimkwamisha kwenye mlango wa shimo lake mwenyewe. Akamwendea Chatu.

"Shikamoo, mwalimu. Nataka kupungua."

"Marahaba, mwanangu. Miwa umeacha?"

"Tangu leo asubuhi."

"Vizuri. Sasa kizunguke kile kichuguu mbio, mpaka miguu ikatae."

Ndezi alizunguka na kuzunguka, akarudi akitweta, akajibwaga chini mbele ya Chatu. Hata mkia hakuweza kuunyanyua.

"Mwalimu, tufunge pamoja. Tunaanza leo?"

"Mimi naanza kesho."

"Mbona si leo?"

"Leo navunja jungu," alisema Chatu. "Nani anaanza kufunga bila kula vizuri kwanza?"

Akammeza mzimamzima.

Kesho yake Kanga alipita, akamkuta Chatu amejilaza kimya, macho yamelegea, hataki hata kuangalia chakula.

"Njooni mwone!" aliwaita wenzake. "Ameanza tena, masikini, hata maji hagusi! Na yule Ndezi aliyejidai anataka kupungua, leo hata haonekani. Nilijua tu. Wanene hawana moyo."