Bwana Arusi wa Etelka

"Bwana arusi ni nani?" Kálmán aliuliza, kabla hata hajavua kofia.

Mzee Szepesi aliendelea na kazi yake. Alikuwa ameinama katika ghala lake la mvinyo lililochimbwa mlimani, akibomoa kwa nyundo ukuta alioujenga mwenyewe mwaka aliozaliwa binti yake. Nyuma ya matofali zililala chupa za mvinyo mtamu. Pale kijijini Tolcsva ilijulikana kwamba mvinyo wa namna hiyo haufunguliwi mpaka binti avishwe shela.

Na Etelka alikuwa akivishwa shela. Mwendesha gari la farasi alimwambia hivyo Kálmán stesheni, bila kumtazama usoni.

"Basi umesikia," mzee alisema hatimaye.

"Nimesikia, baba. Ndiyo maana nimekuja mbio."

"Mbio!" Shangazi yake Etelka, aliyekuwa akifuta chupa vumbi, alicheka kicheko kikavu. "Miaka mitatu, bwana wa mjini? Hata kobe angekwisha fika!"

Kálmán alistahili maneno hayo. Alikuja mara ya kwanza kama mgeni wa kuonja mvinyo. Akamwonja binti wa watu kwa ahadi, kwamba atarudi mavuno yajayo amwoe. Kisha Budapest ikamlevya. Sasa alitaka jambo moja tu: kumpigia Etelka magoti kabla hajawa mke wa mtu.

"Alikungoja," mzee alisema. "Msimu huu alichuma zabibu zilizonyauka za mvinyo huu mtamu, moja moja, katika ukungu wa mto, akikohoa, macho barabarani. Tulimkataza, hakusikia. Wachumba walikuja, akawarudisha wote."

"Wote? Sasa leo anasimama na nani?"

"Hatujapata mtu. Vijana wa hapa wanaogopa kusimama mahali hapo. Nayo desturi yetu hairuhusu binti asiyeolewa atoke nyumbani mara ya mwisho bila bwana arusi kando yake."

Moyo wa Kálmán uliruka. Kumbe shela lile lilikuwa kwa ajili yake! Kiburi kikamnong'oneza kwamba mzee anamjaribu tu.

Mzee alimimina bilauri mbili. Kálmán akainyanyua yake ili wagonganishe. Mzee akaiondoa ya kwake upesi, akanywa.

"Je, wewe utasimama kando yake?"

"Nitasimama, baba. Mbele ya Mungu na watu."

"Usijibu kwa pupa," shangazi alimkemea. "Ulimi wako tunaujua."

"Naapa, shangazi. Safari hii simwachi."

Shangazi akambandika kifuani kitawi cha rozimari, pambo la bwana arusi.

Walipanda hadi uani. Wapiga fidla walikuwa tayari, na wasichana wamejipanga pande mbili, wote katika nguo nyeupe. Kálmán alijinyoosha koti, akaukazia macho mlango, akitafuta neno la kwanza la toba.

Mlango ukafunguliwa. Etelka akatoka, amepambwa kama bibi arusi, mabegani mwa vijana sita, na jeneza lake lilikuwa bado halijafunikwa.