Ghala la Waliopoteza Kazi

Anayebisha habari hii abishe, lakini mimi sitanii. Punda alimbebea Nyati maji mpaka mto ukaomba likizo. Na kila mavuno alitia debe lake la mtama kwenye ghala la wanyama, akiba ya yeyote atakayepoteza kazi. Siku moja Nyati akachimba kisima mlangoni kwake, akamfukuza Punda.

Punda akaenda ghalani. Mlinzi alikuwa Kiboko, mwenye tumbo kubwa hata jua lilitua nyuma yake saa sita mchana. Tumbo lenyewe limenoneshwa na mtama wa nani?

"Nimefukuzwa kazi, mzee. Wanangu wana njaa."

"Una nguvu?"

"Ninazo."

"Mwenye nguvu akatafute kazi. Toka!"

Punda akashinda na njaa mpaka akarudi akiburutwa na wanawe.

"Una nguvu?"

"Hata za kufukuza nzi sina."

"Basi kazi huiwezi. Ghala hili ni la wanaoweza kazi. Toka!"

Punda akakata rufaa kwa Kifaru, hakimu wa wanyama, kwa kilio kilichong'oa miti ya milima saba. Kifaru akaja anafuka moshi puani.

"Wewe Kiboko, nani amewahi kustahili?"

"Hata mmoja, mheshimiwa!" Kiboko akajigamba. "Ndiyo maana ghala limejaa mpaka paa linapasuka."

"Basi mlango huu hauna kazi," Kifaru akanguruma, akaung'oa kwa pembe. "Na mlinzi wake vilevile."

Punda na wanawe wakauvamia mtama.

"Mnanifukuza mimi? Nakata rufaa!" Kiboko akapiga kelele.

"Kata, mzee," Punda akamjibu, mashavu yamejaa mtama na hasira. "Sisi tunakula kwanza."