Safari Hii Usigeuke Mti

Shairi lilifika likiwa limefungwa kwenye jiwe.

"Makubwa! Sasa anatupiga mawe," alisema Nannina, na sebule nzima ikaangua kicheko.

Wanawake saba walikuwa wamejazana kwa mjane Bi Oretta mchana huo. Ijumaa ndiyo siku ambayo Bwana Lapo huleta shairi lake, na nani mjini Lucca angekubali kulikosa? Miaka sita alimwandikia mjane yule, na miaka sita mjane hakumjibu hata neno. Shairi likishasomwa lilipita mkono kwa mkono, kila mgeni akilibusu kwa niaba ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba mwenyewe hakulibusu kamwe.

Ila Ijumaa iliyopita hakikuja kitu. Tangu hapo Oretta hakulala. Alisikia viatu vya Lapo vikipanda ngazi, akifungua mlango hakuna mtu. Mbele za watu alijifanya hajali, lakini alitaka kujua jambo moja tu: bado anampenda, au amechoka?

Jiwe lenyewe aliliokota dobi asubuhi, uchochoroni, chini ya dirisha la nyuma la Lapo.

"Linanuka siki," Nannina alisema akiikunjua karatasi. "Maskini, amelia mpaka machozi yamechacha."

"Soma, shoga, acha maneno!"

Nannina akasoma kwa mapozi:

*Naungua na kutetemeka kwa saa ile ile,*
*mshale umenichoma kwapani, nimelala nao.*
*Kimbia, Oretta, usisubiri nikufikie,*
*na safari hii usisimame, usigeuke mti.*

"Basi? Mistari minne?" mmoja alilalamika. "Tumezoea kumi na minne!"

"Moto na baridi tumevila miaka sita," akadakia mwingine. "Na mshale mwaka jana ulikuwa moyoni, leo umeshuka kwapani. Mwakani utafika gotini!"

Walicheka mpaka wakafuta machozi. Oretta hakucheka. Alikuwa ameinua kichwa kuelekea mlangoni. Viatu tena, taratibu, ngazi moja moja. Hakuna aliyevisikia ila yeye.

Siku zote Lapo alijiita mungu wa jua, naye Oretta alikuwa yule msichana wa Wagiriki aliyemtoroka mungu huyo mpaka akageuka mti ili asishikwe. Kila shairi lilimsihi asimame. Hili lilimwambia akimbie.

Nannina naye akaliona. Sauti yake ikashuka.

"Pole, mwenzangu. Nadhani umeachwa."

Karatasi ikazunguka. Wote saba wakaibusu, mara hii kwa huruma, kama watu wanaoaga. Ilipomfikia Oretta aliishika kwa mikono miwili, akaiweka midomoni, akakaa nayo muda mrefu.

"Naenda kwake," alisema.

"Kufanya nini, wee mwanamke?"

"Kumjibu."

Wakampigia makofi. Mmoja akamtengeneza nywele, mwingine akamtupia shela yake mwenyewe mabegani, Nannina akambusu mashavu yote mawili na kumsukuma nje.

Alitembea haraka, kisha akakimbia, mwanamke wa miaka thelathini na tisa, jua likimwakia usoni. Maneno alikuwa nayo tayari. Yalikuwa machache, na alikuwa nayo kwa miaka mitano kati ya ile sita.

Mtaa wa Lapo haukuwa na mtu. Mlango wake ulikuwa umepigiliwa mbao, na mbele yake alisimama mtumishi wa baraza la mji, kitambaa chenye siki puani. Alinyoosha fimbo ndefu, akamzuia Oretta hatua sita kutoka mlangoni.

"Hapo hapo, bibi. Ni tauni, ile ya majipu kwapani. Tumeificha ili mji usitaharuki," alisema. "Amekufa alfajiri. Lakini tulia: ni huyu mmoja tu, na hakuna kitu alichogusa kilichotoka nje."