Safu ya Tatu

Zama hizo, bondia akifa ndiyo kwanza kazi yake inaanza. Kila Jumamosi alasiri mashine iliwapiganisha kwenye skrini mabondia wa enzi zote, na nchi nzima ikajua nani ni wa ngapi. Kibwana, marehemu mume wa Mwantumu, alikuwa wa tisa.

"Shikamoo mama," alisema mtumishi wa Baraza la Ndondi, akiweka kishikwambi mezani. "Kila kengele inapolia, marehemu anageuka kwanza kutazama safu ya tatu ya watazamaji. Hapo ndipo anapochapwa. Tukimwondolea tabia hiyo, atakuwa wa kwanza. Ila sheria inataka idhini ya mjane."

Mwantumu alikijua kiti kile cha safu ya tatu. Alikikalia miaka kumi na mmoja, na Kibwana hakuwahi kurusha ngumi kabla hajamwona.

"Mwenyewe angesemaje?" akauliza.

"Nani asiyetaka kuwa wa kwanza, mama?"

Kweli, Kibwana aliutaka ukubwa huo hadi usingizini. Mwantumu akatia dole gumba.

Jumamosi akajifunga kanga ya kijani, ile ya siku za pambano, akaketi mbele ya skrini. Kengele ikalia. Kibwana hakugeuka. Alikwenda moja kwa moja, akamlaza chini bingwa wa karne iliyopita kabla raundi haijaisha. Mtaa ukarindima kwa vifijo, majirani wakaja kugonga mlango wampongeze. Mwantumu hakufungua. Alilirudisha pambano mwanzo, na kengele ilipolia akainua mkono juu kabisa, aonekane.