Pima Maji ya Mzee Mashauri

Mzee Mashauri alikuwa anauza vifaa vyake vya uashi. Mnunuzi akailaza dirishani pima maji, kifaa cha kukagulia usawa, kipovu kikatulia katikati. Akaigeuza palepale, ncha ya kushoto ikaja kulia. Kipovu kikakimbilia pembeni.

"Mzee, hii inasema uongo."

Mashauri alisogea dirishani. Pima maji hiyohiyo aliwahi kuilaza juu ya ukuta aliojenga mdogo wake, Tungaraza, akaona kipovu kiko pembeni, akamwambia mbele ya vibarua, "Bomoa! Mlevi hajengi." Tungaraza aliapa hajaonja hata tone, akabomoa, akaondoka. Hawajasalimiana tena.

"Rudia," alisema Mashauri.

"Si umeona, mzee?"

"Nakuomba, mwanangu."

Mnunuzi akairudisha ilivyokuwa, kisha akaigeuza. Kipovu kikaondoka tena, na Mashauri akakisindikiza kwa macho.