Shikamoo, Kulwa

Masomo ya juu ya kidato cha sita husomwa katika chumba cha kasi. Unaingia asubuhi, unatoka jioni, na kila somo limekuongezea mwaka mmoja wa umri. Jana pacha wangu Kulwa alichukua manne. Aliondoka na miaka kumi na minane kama mimi, akarudi na ishirini na miwili.

"Shikamoo, dada," nilimtania.

Hakucheka. "Usiniamkie, Doto. Kule ndani nimekukumbuka miaka minne. Wewe umenisubiri kutwa moja tu."

Leo ilikuwa zamu yangu kuchagua idadi ya masomo. Nilishika simu huku Mama akinisuka mtindo uleule aliotusuka sote juzi. Nywele za Kulwa sasa zilimfika mabegani.

"Chukua moja tu, mwanangu," Mama alisema. "Huyu amekua bila mimi kumwona. Niachie angalau wewe."

Nilimtazama Kulwa. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda chetu, kama mgeni.

Nikabonyeza nne.

Mikono ya Mama ilisimama. Kisha akaanza kunifumua, taratibu, ili anisuke upya, nami sikumharakisha.