Mlango wa Mama Chausiku

Tunu, mchora ramani, hakutulia hata kidogo. Nyumba alizochorea familia za mtaa, leo kazichora chini kwa chokaa, kwa ukubwa wake kamili, pale uwanjani ambapo zamani wanafunzi walipiga gwaride. Milango yote inatazama ua mmoja wenye tangi la maji ya mvua. Watu wakizikataa leo, kiwanja anapewa tajiri anayetaka kujenga maduka.

Mama Chausiku akaingia ndani ya nyumba yake ya chokaa. Kuinua macho tu, akajifunika uso kwa kanga. Kwenye mlango unaoelekeana na wake kasimama mkwewe, mume wa bintiye.

"Mwanangu, kila nikitoka kuoga nikutane na mkwe?" akamuuliza Tunu.

"Mtazoeana, mama."

"Kwenu ndiyo mnazoeana na wakwe?" akadakia jirani. Watu wakacheka, wengine wakaanza kuondoka.

Tunu akavua viatu haraka, akaufuta ule mlango kwa unyayo, akachora mwingine ubavuni. Sasa jua la jioni litaingia lote ndani, na tangi litakuwa mbali.

"Jaribu hapa, mama. Tafadhali."

Waliokuwa wakiondoka wakasimama. Mkwe akageukia ukutani, ukuta ambao haupo bado. Mama Chausiku akainua mguu kuuvuka mstari wa mlango mpya, kanga ingali usoni, na upepo ukaanza kuipeperusha chokaa.